Shehena au Maji?

Mtu aliyekaa ufukweni Ngomeni hana haja ya kupanda jahazi ili ajue kama lina mzigo. Hutazama mstari wa maji. Likiwa tupu huelea juu, shahamu ya chini ikaonekana. Likiwa limezama, shehena ipo, hata kama turubai limeifunika na nahodha kanyamaza. Ila kuna mahali ambapo kipimo hiki humponza mtu, na si mbali: ukishuka kuelekea Malindi mjini, pale Mto Sabaki unapomwaga maji yake mekundu baharini wakati wa masika. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi. Ya maji ya mto ina kilo 1,000. Chombo kilekile, na mzigo uleule, kikitoka kwenye chumvi kuingia mdomo wa mto huzama zaidi. Kama kina ubavu wima na kilikuwa kimezama mita moja, kitaongeza sentimita mbili na nusu. Anayetazama kwa mbali ana majibu mawili: ama mzigo umeongezwa, ama maji si yale.

Mzozo mkubwa wa elimu ya galaksi ni huohuo, na una zaidi ya miaka arobaini. Galaksi huzunguka upesi kuliko inavyoruhusu maada tunayoiona. Wengi wanasema kuna shehena iliyofichwa, wakaiita maada ya giza. Wachache wanasema hakuna shehena yoyote. Kanuni ya mvutano ndiyo inayobadilika huko ambako mvutano ni dhaifu mno. Rai ya makala haya ni kwamba mjadala, jinsi wengi wanavyouendesha, unapiganiwa mahali pasipoweza kuumaliza. Mzunguko wa galaksi moja moja hautoi hukumu. Hukumu iko kwenye gesi ya moto iliyotanda kati ya galaksi na galaksi, na gesi hiyo ilijulikana kwa mara ya kwanza kupitia chombo kilichorushwa kutoka baharini, mbele ya Ngomeni hiyohiyo.

Kipimo chenyewe si kigumu kukielewa. Haidrojeni baridi iliyotanda kwenye sahani ya galaksi hutoa mawimbi ya redio ya sentimita 21, yaani masafa ya megahezi 1,420.4. Upande wa sahani unaotujia hupandisha masafa hayo, upande unaotukimbia huyashusha. Kasi ya kilomita 150 kwa sekunde huyasogeza kwa megahezi 0.71, na darubini za redio husoma tofauti ndogo kuliko hiyo bila taabu. Unapima kuanzia kitovuni hadi ukingoni, kisha unachora kasi dhidi ya umbali. Haidrojeni ina faida moja juu ya nyota: huenea mbali kupita mwisho wa nyota, na mzozo wote umelala huko nje penye giza.

Mchoro unaotarajiwa ni wa kushuka. Utaridi, iliyo karibu na Jua, huenda kilomita 47 kwa sekunde, Dunia 30, Neptuni 5.4. Karibu masi yote iko katikati, kwa hivyo aliye mbali hana haja ya kukimbia. Galaksi hazifuati adabu hiyo. Vera Rubin na Kent Ford walipopima Andromeda, wakachapisha mwaka 1970, kasi haikushuka kadiri walivyokwenda nje. Albert Bosma, katika tasnifu yake ya 1978, akaifuata haidrojeni mbali zaidi katika galaksi kadhaa, na mstari ukabaki tambarare kama bahari shwari.

Chukua galaksi moja, NGC 3198, kwa sababu imepimwa vizuri na haina vituko. Nyota zake zina masi ya Jua bilioni 19 hivi, gesi yake bilioni 14 hivi, jumla 33. Kwenye umbali wa kiloparseki 30 kutoka kitovuni, karibu miaka ya nuru 98,000, kanuni ya Newton inakupa kilomita 69 kwa sekunde, ukihesabu masi yote kana kwamba imekaa katikati. Darubini inasoma 150. Ndani ya fomula kasi imepigwa mraba, hivyo kuitoa 69 kuifikisha 150 kunataka masi karibu mara tano: bilioni 157 badala ya 33. Hizo bilioni 124 zinazopungua ndizo zinazogombaniwa.

Kabla ya kuchagua upande, kagua kipimo. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni ulalo wa sahani. Sisi huona ile sehemu ya kasi inayotujia au kutukimbia tu. Nyingine huenda pembeni, na lazima uirudishe kwa kugawanya na sine ya pembe ya ulalo. Pembe hiyo unaipata kwa kupima upana na urefu wa duara lililobonyea. Sahani iliyoinama nyuzi 30 ina uwiano wa 0.87, iliyoinama nyuzi 25 ina 0.91. Kwa galaksi ambayo mikono yake imetawanyika ovyo, kuamua kati ya namba hizo mbili ni kama kubishana iwapo chungu kilichofinyangwa kwa mkono ni duara kamili. Lakini ukikosea hapo kasi inabadilika kwa asilimia 18, na ukikisia masi kwa kanuni ya Milgrom, nitakayoieleza sasa hivi, ambamo kasi hupandishwa kipeo cha nne, masi inakaribia kuwa maradufu. Ndiyo maana wenye kujua kazi hutupa galaksi zote zilizoinama chini ya nyuzi 30, hata kama zinapendeza. Umbali wa galaksi ukikosewa nao huharibu, na kitovuni ukungu wa darubini huchanganya gesi ya upesi na ya polepole, kasi ikaonekana ndogo kuliko ilivyo. Baada ya kusahihisha yote hayo, ile tofauti ya 69 na 150 haiondoki. Si kosa la kipimo.

Mwaka 1983 Mordehai Milgrom alichapisha wazo lililoonekana kama ukaidi. Alisema kinachoamua lini Newton anashindwa si umbali, ni mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi hubadilika kila sekunde. Mchapuko ukishuka chini ya kizingiti fulani, alichokiita a0, mvutano hauendelei kupungua kwa mraba wa umbali bali kwa umbali wenyewe tu. Kizingiti ni mita 1.2 × 10⁻¹⁰ kwa sekunde kwa sekunde. Gari likiondoka Malindi kwa mchapuko huo, lingehitaji miaka 264 kufikia mita moja kwa sekunde, mwendo wa mzee anayekwenda msikitini bila haraka. Mvutano wa Jua hushuka hadi kiwango hicho kwenye umbali wa takriban mara 7,000 ya umbali wa Dunia na Jua. Neptuni iko mara 30 tu. Kwa hivyo anayesema kwamba sayari zimekwisha kuikanusha MOND, kama nadharia hiyo inavyoitwa, hajafanya hesabu.

Wazo hilo linazaa fomula fupi: kasi ya ukingoni kwa kipeo cha nne ni sawa na G (ile namba isiyobadilika ya mvutano wa Newton) mara masi inayoonekana mara a0. Weka masi bilioni 33 za NGC 3198. Jibu ni kilomita 151 kwa sekunde. Darubini, nimekwisha kusema, inasoma 150.

Galaksi moja si ushahidi, lakini ziko nyingi, na mwenye kompyuta yoyote anaweza kuzijaribu mwenyewe. Federico Lelli, Stacy McGaugh na James Schombert waliweka wazi mwaka 2016 data ya galaksi 175 iitwayo SPARC, nyota zikiwa zimepimwa kwa picha za darubini ya Spitzer za mikromita 3.6. Jedwali la kila galaksi lina umbali kutoka kitovuni, kasi iliyopimwa, kosa lake, kisha kasi ambayo gesi peke yake ingeleta, ya sahani ya nyota peke yake, na ya kiini. Kasi za nyota zimeandikwa kwa kudhani kwamba kila kipimo kimoja cha mwanga wa Jua kina masi ya Jua moja. Hiyo ni nyingi mno, kwa hivyo mraba wa sahani unazidishwa kwa 0.5 na wa kiini kwa 0.7. Kumbuka kwamba kinachojumlishwa ni miraba, si kasi zenyewe.

Hapa pana shimo ambalo anayeanza lazima atumbukie. Safu ya gesi ina namba hasi. Si kosa la uchapaji: gesi nyingi hukaa kama pete, na aliye ndani ya pete huvutwa kuelekea nje. Ukiipiga mraba kwa mazoea, alama hasi inapotea na gesi inaanza kuvuta kuelekea ndani. Zidisha namba kwa ukubwa wake usio na alama, ile hasi ibaki. Kisha gawanya jumla kwa umbali, na kwa kuwa jedwali liko kwa kilomita na kiloparseki, zidisha kwa 3.24 × 10⁻¹⁴ upate mita kwa sekunde kwa sekunde. Fanya vivyo hivyo kwa kasi iliyopimwa. Una namba mbili kwa kila pointi: mchapuko unaotokana na maada inayoonekana, na mchapuko uliopo kweli.

Ukichora moja dhidi ya nyingine, pointi 2,693 kutoka galaksi 153 (zilizolala vibaya na zilizovurugika zikiwa zimetolewa) hujipanga kwenye mstari mmoja mwembamba. Mtawanyiko ni asilimia 35 hivi, na sehemu kubwa ya huo ni makosa ya ulalo na umbali. Galaksi kubwa zenye nyota nyingi, vibete ambavyo karibu vyote ni gesi, kitovu na ukingo: mstari uleule. Juu ya a0 ni Newton mtupu. Chini yake mstari unapinda.

Mbele ya mchoro huu watetezi wa maada ya giza hupaswa kutoa maelezo, na wengi hutoa kikohozi. Shehena inasemekana kuwa mara tano ya chombo, tena haiguswi na mwanga wala haisukumwi na gesi. Kwa nini basi ijipange kana kwamba inapokea amri kutoka kwa chombo? Katika NGC 1560, galaksi ndogo yenye gesi nyingi, gesi ina mbonyeo mahali fulani, na mchoro wa kasi una mbonyeo palepale. Ukiizungushia galaksi hiyo wingu kubwa laini la maada ya giza, mbonyeo ulipaswa kufunikwa. Anayetumia wingu hilo ana namba mbili za kurekebisha kwa kila galaksi, ukubwa wake na jinsi lilivyosongamana, mbali na uzito wa nyota. Anayetumia MOND ana a0 moja kwa galaksi zote. Simulesheni kubwa za maada ya giza kama EAGLE hutoa uhusiano unaofanana na mstari ule, na si haki kulificha hilo. Lakini hutoa baada ya jambo kujulikana. MOND ilitoa kabla. Kibete kiitwacho Crater II, kinachozunguka galaksi yetu, McGaugh alikitabiria mwaka 2016 mtawanyiko wa kasi wa kilomita 2.1 kwa sekunde, kiwango kidogo ajabu kwa kitu kikubwa hivyo. Mwaka uliofuata kipimo kikatoka 2.7, ndani ya mipaka ya makosa ya utabiri na kipimo.

Mtu akisimama hapo, ataondoka akiwa mfuasi wa Milgrom, na sitamlaumu. Tatizo ni kusimama hapo.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, lile la Waitalia lenye miguu ya chuma katika Ghuba ya Ngwana. Ilibeba setilaiti ya NASA ya kilo 140 hivi. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi, akaipa jina Uhuru. Upande wa sayansi uliongozwa na Riccardo Giacconi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa uzuri wa pwani. Nyuzi tatu tu kutoka ikweta, mzunguko wa Dunia unakupa karibu mita 465 kwa sekunde za bure ukirusha kuelekea mashariki, na upande huo ni bahari tupu, vipande vya roketi haviangukii paa la mtu. La muhimu zaidi, chombo kinachokaa juu ya ikweta hakipiti katikati ya eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye umeme hushuka chini na kuvifanya vipimo vya eksirei vihesabu uchafu.

Ndani ya Uhuru hamkuwa na kioo wala lenzi. Mlikuwa na visanduku vya gesi vyenye madirisha membamba ya metali ya berili, seti mbili zilizopeana mgongo, kila moja ikiwa na eneo la sentimita za mraba 840, kama sinia la kahawa. Eksirei ikipenya dirisha hugonga atomu ya gesi na kung'oa elektroni. Waya wenye volteji kubwa huzivuta, na kila mshtuko unahesabiwa. Mbele ya visanduku kulikuwa na vijirija vya metali vya kuzuia miale ya pembeni: seti moja iliona nusu nyuzi ya anga, nyingine nyuzi tano. Setilaiti ilijizungusha polepole, kama dakika 12 kwa mzunguko, ikifagia anga kama taa ya mnara. Chanzo kidogo kikipita mbele, hesabu hupanda na kushuka kwa upana uleule wa kijirija, haizidi. Chanzo kilichotanda huacha mwinuko mpana kuliko kijirija. Coma, Perseus na Virgo, makundi makubwa ya galaksi, yaliacha mwinuko mpana. Eksirei haikutoka kwenye galaksi moja moja tu. Ilitoka kwenye nafasi iliyo kati yake.

Kuthibitisha kwamba ni gesi moto kulichukua miaka mingine michache, na hapo tena pwani hii imo. Ariel 5 ya Uingereza ilirushwa kutoka jukwaa hilohilo tarehe 15 Oktoba 1974, na mwaka 1976 data yake ikaonyesha alama ya chuma katika eksirei ya Perseus, chuma kilichovuliwa karibu elektroni zake zote. Hali hiyo hutokea kwenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi.

Kwa nini gesi hii ni hakimu bora kuliko mzunguko? Kwanza, ndiyo sehemu kubwa ya maada ya kawaida ya kundi. Huzizidi nyota zote za galaksi zake mara kadhaa. Fritz Zwicky alipolipima kundi la Coma mwaka 1933 akaona galaksi zake zinakimbia mno, hakujua kwamba gesi hiyo ipo, hivyo pengo alilolipata lilikuwa kubwa kuliko lilivyo. Pili, gesi inajipima yenyewe. Ikiwa imetulia, shinikizo lake linalosukuma nje linalingana na mvutano unaovuta ndani, na joto lake linakwambia shinikizo. Gesi ya Coma ina nyuzi milioni 90 hivi. Kwa kutumia joto hilo na jinsi msongamano unavyopungua kuelekea nje, masi iliyo ndani ya megaparseki moja, yaani kiloparseki elfu moja, inatoka kama Jua trilioni 600. Gesi na nyota kwa pamoja hutoa sehemu moja kati ya saba hadi kumi.

Sasa mpe Milgrom nafasi yake. Ukipiga hesabu, mchapuko kwenye umbali huo wa megaparseki moja ni 8 × 10⁻¹¹. Hiyo ni theluthi mbili tu ya a0. Ukingoni mwa NGC 3198 ulikuwa 2.4 × 10⁻¹¹, moja ya tano ya a0, na ndiyo maana MOND ilipata nguvu ya kutosha kule. Ndani ya kundi mchapuko haujashuka vya kutosha, kwa hivyo fomula inaongeza mvutano kidogo tu: inapunguza pengo, hailizibi. Hata ukiikubali MOND yote, bado unahitaji maada mara mbili au zaidi ya ile inayoonekana, na karibu na kitovu mambo huwa mabaya zaidi. Huwezi kubadilisha a0 kwa ajili ya makundi, kwa sababu galaksi 153 zimekwisha kuifunga. Na huwezi kulaumu utulivu wa gesi. Msukosuko wake hupotosha masi kwa asilimia kumi hadi thelathini, si mara mbili. Tena mwanga wa galaksi za nyuma, unaopindwa na kundi ukiwa njiani kuja kwetu, hutoa masi ya kiwango hichohicho bila kuitegemea gesi.

Wafuasi wa Milgrom wenyewe waliliona hili, nao hawakulificha. Wakasema: labda zilizopungua ni neutrino, chembe zinazojulikana, kama kila moja ina masi ya elektronivolti 2 hivi. Ilikuwa hoja ya heshima kwa sababu ilikuwa inapimika. Ikapimwa. Jaribio la KATRIN huko Karlsruhe, Ujerumani, lilishusha kikomo chini ya 0.8, kisha mwaka 2025 hadi 0.45. Neutrino za kawaida haziwezi kubeba mzigo huo.

Halafu kuna kundi la 1E 0657-56, maarufu kama Bullet, ambako makundi mawili yamepitiana. Gesi za pande mbili ziligongana zikakwama katikati. Galaksi, zikiwa zimeachana nafasi, zikapita kama ngalawa mbili usiku. Mwaka 2006 Douglas Clowe na wenzake walionyesha kwamba mwanga wa nyuma unapindwa zaidi pale zilipo galaksi, si pale ilipo gesi. Gesi ndiyo maada nyingi ya kawaida. Kama hakuna shehena, kitovu cha mvutano kingepaswa kubaki na gesi. Kuna njia za kihesabu za kulikwepa hili, ila kila ninayoijua inaingiza kitu kisichoonekana kinachopita bila kugongana. Mtu akikiita jina jingine, ni shauri lake.

Mwanga wa kale, ulioachiliwa ulimwengu ukiwa na miaka 380,000, unasema vivyo hivyo kwa lugha yake. Mawimbi ya sauti ya wakati ule yameacha vilele katika joto lake, na urefu wa kilele cha tatu hautoki kwa maada ya kawaida peke yake. Setilaiti ya Planck ilitoa uwiano wa 5.4 za maada ya giza kwa moja ya kawaida. Constantinos Skordis na Tom Złośnik walichapisha mwaka 2021 nadharia ya mvutano inayofuata vilele hivyo na wakati huohuo kuzaa MOND ndani ya galaksi. Ni kazi nzuri. Lakini uga walioongeza, katika ulimwengu mchanga, una tabia ya vumbi zito lisilo na shinikizo, na hiyo ndiyo tabia ya maada ya giza. Nadharia iliyotangulia, ya Jacob Bekenstein ya 2004, ilipata pigo Agosti 2017, wimbi la mvutano na mwale wa gama kutoka nyota mbili za neutroni zilizogongana vilipofika kwa kupishana sekunde 1.7 tu baada ya safari ya miaka ya nuru milioni 130 hivi, ilhali nadharia hiyo ilitaka vipishane mno kuliko hapo.

Basi mimi niko upande wa shehena. Ila shehena hiyo haijashikwa. Kifaa cha LZ huko South Dakota, Marekani, kina tani saba za zenoni ya kimiminika zinazofanya kazi ya kupima, kilomita moja na nusu chini ya ardhi, na bado kinasubiri mgongano wake wa kwanza usiotiliwa shaka. Na mstari ule wa galaksi 153 ungali palepale, na a0 yake, ukidai sababu. Anayeushughulikia kwa kusema "simulesheni zitaueleza" ameahirisha deni.

Uwanja ulio karibu zaidi na sisi ni nyota pacha zilizoachana mbali, kupita ule umbali wa mara elfu kadhaa wa Dunia na Jua ambako mchapuko hufikia a0. Huko hakuna nafasi ya kuficha maada ya giza ya kutosha. MOND inadai kasi ya kuzungukana iwe juu kwa asilimia 20 hivi. Kwa data ya Gaia, setilaiti inayopima mahali na mwendo wa nyota, Kyu-Hyun Chae alichapisha mwaka 2023 kwamba ongezeko lipo. Indranil Banik na wenzake, mwaka uliofuata, kwamba halipo kabisa. Data ni ileile. Wanachotofautiana ni uchambuzi wa jozi: nyota inayoonekana moja mara nyingi ni mbili zilizoshikana, na huyo wa tatu aliyejificha huongeza kasi kama vile MOND ingefanya. Ukikagua jozi zako, anza na zile ambazo mwanga wake umezidi kiasi kwa rangi yake, kisha zile ambazo Gaia inaziona zikiyumba kuliko kosa la kipimo, halafu pima kasi ya kila nyota mara kadhaa kwa miaka kadhaa. Jozi zinazobaki huwa chache sana, na toleo la nne la data ya Gaia, lililopangwa kutoka Desemba 2026, ndilo litakaloleta vipimo vya mmoja mmoja vya kuzichuja.